KUTOKA JIWE LA MUGERE HADI KANISA LA MKUNAZINI

Kusini ya Bujumbura, kiasi cha kilomita 12 kwa njia iendayo Rumonge, lipo jiwe kubwa lililokaa juu ya kilima cha Mugere, likilitazama Ziwa Tanganyika. Usoni pake yamechorwa majina mawili na tarehe moja: Livingstone, Stanley, 25 Novemba 1871. Jamaa za mjini hufika hapo siku za mapumziko, watoto hulipanda jiwe, picha hupigwa, kisha kila mtu hurudi kwake. Wengi hudhani kuwa hapo ndipo Wazungu wale wawili walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji majuma machache kabla yake. Mugere walilala siku mbili tu, wageni wa mtawala aliyeitwa Mukamba, walipokuwa wakiichunguza ncha ya kaskazini ya ziwa ili wapate kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliona kwa macho yao kuwa unaingia, neno ambalo wavuvi wa Uzige wangaliweza kuwaambia bila ya kushika kasia.

Lakini jiwe lile lina habari nyingine ambayo haikuchorwa. Miezi minne tu kabla ya usiku ule wa Mugere, tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone alikuwa Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, katika nchi ambayo leo ni Kongo ya mashariki. Ilikuwa siku ya soko. Wanawake walikuwa wamekusanyika kwa mamia na vikapu vyao vya samaki na vyungu vyao, wakibadilishana vitu na kuzungumza. Ghafula wafuasi wa wafanya biashara ya pembe na watumwa wakawafyatulia bunduki. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni walipojitupa majini kukimbia. Livingstone aliyaandika aliyoyaona. Mwezi wa Machi 1872, Stanley alipoagana naye katika nchi ya Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora wa leo, aliyachukua maandishi yake akaenda nayo Ulaya.

Yaliposomwa huko yaliwasha hasira iliyokuwa imeanza kupoa. Serikali ya Uingereza ikamtuma Unguja mjumbe wake, Sir Bartle Frere, amtake Sultani Barghash aikomeshe biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari. Sultani alikataa. Akatishwa kuwa manowari zitakizingira kisiwa chake, na tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi. Soko la watumwa la Unguja, lililokuwa mahali paitwapo Mkunazini, likafungwa. Na pale pale sokoni, siku ya Krismasi ya mwaka ule ule wa 1873, likawekwa jiwe la msingi la kanisa.

Kanisa hilo lingali limesimama. Kwa mtu wa Bujumbura apendaye kuitembeza jamaa yake mbali kidogo na nyumbani, hapana jengo la kale la Kiprotestanti katika Afrika ya Mashariki linalostahili safari kuliko hilo. Anapofika huko haendi kutazama mambo ya watu wengine. Huenda kuona mwisho wa njia iliyopita karibu na mlango wake.

NJIA YA WAPAGAZI

Mwenye haraka hupanda ndege kwenda Dar es Salaam, kisha boti ya kuvuka bahari, mwendo wa saa mbili hivi. Lakini mwenye nafasi na watoto wenye kudadisi aichukue njia ya nchi kavu: Rumonge, Nyanza-Lac, Mabanda, mpaka wa Manyovu, hata Kigoma. Ujiji iko karibu na Kigoma, kilomita chache tu, na hapo pana jumba dogo la ukumbusho na miembe ambayo yasemekana ilitokana na mwembe uliowatia kivuli Livingstone na Stanley walipopeana mkono. Reli itokayo Kigoma ilikamilika mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa ya safari yake haiko mbali na njia ya misafara ya kale: Ujiji, Tabora, Ugogo, kisha pwani. Wapagazi wenye mizigo ya pembe mabegani, na mateka waliofungwa shingoni kwa magogo yenye panda, walichukua miezi mitatu au zaidi kwa mwendo ambao siku hizi msafiri huuhesabu kwa siku, tena akilalamika kuwa treni imechelewa.

Inafaa kusema hapa kwamba Burundi yenyewe haikuwa ghala la watumwa kama zilivyokuwa nchi nyingine za kando ya ziwa. Mwambao haukusalimika, maana mitumbwi ya wanyakuzi ilipita huko mara kwa mara. Lakini katika miaka ya 1880 Muhammed bin Khalfan, yule aitwaye Rumaliza, aliyekuwa mwenye nguvu kuliko wote Ujiji, alipotaka kupenya kutoka Uzige kuelekea milimani kwa bunduki zake, majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimzuia. Watu wale walikuwa na mishale na mikuki, na walipigana katika milima waliyoijua. Askari wa leo anayejifunza habari za vita hapaswi kulipita jambo hili kwa haraka. Mwezi Gisabo alifariki mwaka 1908 akiwa amekwisha kulazimishwa na Wajerumani kutia mkono mkataba wa Kiganda wa mwaka 1903, na kwa sababu ya huzuni ya mwisho huo watu wengine huyasahau mapigano ya kwanza, aliyoshinda.

Basi wengi waliouzwa Mkunazini hawakutoka katika milima ya Burundi. Walitoka Nyasa, kwa Wayao, Manyema, na nchi nyinginezo za bara. Hata hivyo soko lilikuwa moja, na ziwa ni lile lile.

NDANI YA MJI MKONGWE

Mji Mkongwe wa Unguja, ambao mwaka 2000 Shirika la UNESCO liliuandika katika orodha ya urithi wa dunia, una vichochoro vyembamba hata watu wawili wenye makapu hulazimika kupishana kwa upande. Mgeni hana haja ya kuona haya akipotea. Kila mtu hupotea. Akiuliza njia ya Kanisa la Mkunazini ataonyeshwa, na baada ya kona mbili tatu ataona mnara mrefu wenye saa ukichungulia juu ya mapaa.

Jina lake rasmi ni Kanisa la Kristo, nalo ni Kanisa Kuu la Waanglikana. Lilijengwa na Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo kwa Kiingereza huitwa kwa kifupi UMCA, na misheni hiyo ilizaliwa kutokana na hotuba aliyoitoa Livingstone mjini Cambridge mwezi wa Desemba 1857. Kwanza walijaribu kukaa karibu na mto Shire, katika Malawi ya leo. Homa na vita viliwashinda, na Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, akafa mwezi wa Januari 1862. Mwaka 1864 Askofu Tozer aliwahamishia Unguja, jambo ambalo Livingstone mwenyewe hakulipenda. Aliona kuwa wamekimbia kazi. Haikupita miaka kumi ikadhihirika kuwa waliangukia mahali penyewe hasa.

Kiwanja cha soko hakikupatikana kwa mkono mmoja. Sehemu yake ilinunuliwa na kasisi wa misheni, Arthur West, na sehemu nyingine ilitolewa bure na Jairam Senji, mfanya biashara wa Kihindi asiyekuwa Mkristo wala Mwislamu. Saa ya mnarani, kama inavyosimuliwa mjini, ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash mwenyewe, baada ya Askofu kukubali kuwa mnara wa kanisa hautakuwa mrefu kuliko jumba la Sultani liitwalo Beit el Ajaib. Jumba hilo lilikamilika mwaka 1883. Kwa ajabu ya mambo, siku ya Krismasi ya mwaka 2020 sehemu kubwa ya Beit el Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake, na watu wakapoteza maisha. Mnara wa kanisa umebaki.

Mtu aliyelifikiri kanisa hili hata likasimama ni Edward Steere. Alianza maisha kama mwanasheria, akawa kasisi, akaja Unguja pamoja na Tozer, na mwaka 1874 akawekwa kuwa Askofu. Alikuwa mtu wa mikono na wa kalamu. Aliketi na watu wa Unguja akasikiliza hadithi zao na kuziandika, akazichapisha mwaka 1870 katika kitabu alichokiita Swahili Tales; akaandika kitabu cha sarufi; akatafsiri sehemu kubwa ya Biblia; akawafundisha vijana waliookolewa utumwani kupanga herufi na kupiga chapa. Mwaka 1928, wakuu wa elimu wa nchi za Afrika ya Mashariki walipokutana Mombasa kuchagua Kiswahili cha kufundishia, walikichagua Kiswahili cha Unguja, na kazi ya akina Steere ilikuwa mojawapo ya sababu. Kwa hiyo msomaji wa Bujumbura anapoushika ukurasa ulioandikwa kwa Kiswahili sanifu, anashika pia kitu kilichopitia mkononi mwa Askofu huyu, na zaidi ya hapo mikononi mwa wazee wa Unguja waliomfundisha, ambao wengi wao hawakutajwa popote.

Paa la kanisa ni jambo la kutazamwa kwa makini. Si la mbao wala la bati. Ni tao moja refu la mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, limeenea kutoka ukuta hadi ukuta bila ya boriti. Lilipokuwa likijengwa watu wengi walisema kuwa litaanguka siku ile magogo ya kulitegemeza yatakapoondolewa. Magogo yaliondolewa. Watu wakangoja. Halikuanguka, wala halijaanguka hata leo.

Karibu na mlango wa magharibi, penye birika la ubatizo, zipo nguzo fupi ambazo mtu mwenye jicho la fundi atagundua kuwa zimesimamishwa kichwa chini. Yasimuliwa kuwa mafundi walizisimamisha hivyo wakati Steere alipokuwa safarini, na aliporudi akaona akasema ziachwe vivyo hivyo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Kanisa lisilo na kosa lingekuwa geni mahali pale.

MAHALI PA MTI

Mbele ya madhabahu, sakafuni, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa rangi nyekundu. Hapo, kwa mapokeo ya mahali, ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa wakachapwa viboko mbele ya wanunuzi. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara. Aliyepiga kelele alishuka bei. Aliyevumilia alihesabiwa kuwa na nguvu, bei ikapanda. Wageni wengi hunyamaza wafikapo hapo, hata wale walioingia wakicheka. Wengine huuliza kwa nini madhabahu yawekwe mahali pa namna hiyo. Waliojenga walikusudia. Wangaliweza kupanda bustani ya maua pale, au kupajenga maduka, na baada ya miaka hamsini hapana mtu angalijua. Walipajenga jengo ambalo haliwezi kuelezwa bila ya kulitaja soko.

Nyuma ya madhabahu ndipo alipozikwa Steere mwenyewe. Alifariki mwezi wa Agosti 1882.

Upande mmoja wa kanisa umetundikwa msalaba wa mbao, mdogo, usio na madaha. Mbao zake zilitoka katika mti wa mpundu wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873. Alikufa mwezi mmoja tu kabla ya soko kufungwa, naye hakujua kuwa maneno yake kuhusu Nyangwe yamefika na kufanya kazi. Chini ya mti ule watumishi wake waliuzika moyo wake. Mwili waliukausha, wakaufunga, wakauchukua mabegani kwa miezi kadhaa, zaidi ya kilomita 1,500, hata ukafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Kutoka huko ulipelekwa Uingereza, ukazikwa London tarehe 18 Aprili.

Waliouongoza msafara ule wa ajabu walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Chuma alikuwa Myao. Mwaka 1861, akiwa bado kijana mdogo, alitolewa katika kamba za watumwa na Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie. Siku ya mazishi ya London wote wawili hawakuwapo. Aliyepelekwa pamoja na jeneza ni mwenzao mwingine, Jacob Wainwright. Susi na Chuma waliitwa baadaye mwaka ule ule, wakasaidia kueleza maandishi ya marehemu ili kitabu chake kipate kupigwa chapa, kisha wakarudi. Chuma akawa kiongozi wa misafara ya misheni, na ndiye aliyemwongoza Steere bara. Alifariki Unguja mwaka 1882, mwaka ule ule aliokufa Askofu. Susi alibatizwa mwaka 1886, akachagua kuitwa David, akafariki mwaka 1891.

Katika kuta za kanisa ziko shaba nyingi za ukumbusho na vioo vya rangi. Kipo kioo cha Livingstone. Zipo kumbukumbu za maaskofu. Zipo za mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakizifukuza jahazi za watumwa. Askari akizisoma hizo za mwisho ataelewa bila ya kuelezwa. Kazi ile ilikuwa ya doria, ya kungoja siku nyingi katika mashua ndogo juani, kisha mapambano ya dakika chache. Homa iliua wengi kuliko bunduki. Mwezi wa Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipolikamata jahazi moja lililokuwa na watumwa, wenye jahazi wakaamua kupigana. Katika manowari hizo walikuwamo pia mabaharia wa Kiafrika, nao walikufa kwa homa ile ile.

Lakini ukuta mzima wa majina unamfanya mtu atafute jina jingine asilione. Waliouzwa pale, maelfu kwa maelfu, hawana bamba. Hawakuandikwa kwa majina hata siku ile walipouzwa. Dalali alitaja umri, meno na nguvu.

Nje, upande wa kanisa, ndipo palipofanyika jaribio la kuwakumbuka. Msanii wa Kiswidi, Clara Sörnäs, katika miaka ya 1990 alichonga watu watano wa saruji waliosimama ndani ya shimo, vichwa vyao haviufikii mbali usawa wa ardhi, shingo zimeunganishwa kwa mnyororo wa chuma. Mnyororo huo yasemekana ni wa kweli wa zama zile. Atazamaye hulazimika kuinama kuwatazama, na pengine ndivyo alivyotaka msanii.

VYUMBA VYA CHINI

Karibu na kanisa liko jengo liitwalo St. Monica, ambalo chini yake kuna vyumba viwili vya giza, vifupi hata mtu mzima hawezi kusimama wima. Watembezaji wengi husema kuwa humo ndimo watumwa walimofungiwa kabla ya mnada, wanawake na watoto chumba kimoja, wanaume kingine. Wageni hutoka humo wakifuta machozi.

Yafaa kusema ukweli hapa. Jengo lile lilijengwa na misheni kuwa hospitali, katika miaka ya 1890, miaka ipatayo ishirini baada ya soko kufungwa. Watafiti kadhaa wana shaka kama vyumba vile vilikuwapo siku za soko, au kama vilikuwa ni ghala la kuwekea vitu. Polisi ajuaye kazi yake hutenganisha ushahidi na uvumi, naye hamheshimu aliyedhulumiwa kwa kumwongezea yasiyothibitika. Mambo yanayojulikana kwa hakika juu ya Mkunazini yanatosha. Watu waliuzwa pale hadharani kila siku jua lilipopungua makali, na wafanya biashara, maofisa wa mabalozi na wapita njia walitazama wakaandika barua kwao. Mtoto akielezwa hayo peke yake ataelewa.

Ni vema pia mzazi ajue mapema atakaloulizwa: ni nani waliofanya haya? Katika Bujumbura, ambako kijana wa Buyenzi hukaa dawati moja na kijana wa Kinama, mmoja akienda msikitini na mwingine kanisani, jibu la haraka laweza kuharibu. Walionunua watumwa walikuwa Waarabu wa Unguja na Oman, kweli. Walikuwamo pia Wafaransa wenye mashamba ya miwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Walikuwamo Wahindi waliokopesha fedha za misafara. Walikuwamo Waswahili, Wanyamwezi na Wayao walioongoza misafara, na watawala wa bara waliowauza jirani zao. Pembe zilizobebwa na mateka zilikwenda Ulaya na Marekani kutengenezewa vidude vya piano na mipira ya mchezo mezani. Na aliyetia sahihi kulifunga soko alikuwa Sultani Mwislamu, ingawa kwa kulazimishwa, na aliyetoa sehemu ya kiwanja cha kanisa alikuwa Mhindi wa dini nyingine. Mzazi asiyetaja yote hayo afadhali asianze.

Tena soko kufungwa hakukuwa mwisho. Watumwa waliendelea kupitishwa kwa siri, hasa kwenda mashamba ya karafuu ya Pemba, na utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria za Unguja mpaka mwaka 1897. Kanisa lilikuwa limekwisha kusimama zaidi ya miaka kumi, kengele zikilia, na bado katika nyumba za jirani walikuwamo watu wasiokuwa na uhuru wa kutoka.

Ndiyo maana tukio la mwaka 1890 lina uzito kuliko kioo chochote. Mwaka huo, katika Kanisa la Kristo, aliwekwa mikono kuwa kasisi Cecil Majaliwa, Myao, ambaye alikuwa amechukuliwa utumwani akiwa mtoto kisha akaokolewa. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa kasisi katika misheni ile. Kabla yake, mwaka 1879, John Swedi alikwisha kuwa shemasi. Huyu alikuwa mmoja wa wavulana watano walionyang'anywa wafanya biashara na Sultani akampa Askofu Tozer mwaka 1864. Majaliwa alisimama mbele ya madhabahu yale, penye mti ule, akitaja sala kwa Kiswahili.

KWA WATAKAOKWENDA

Mprotestanti wa Burundi aliyezoea makanisa ya Matana au Buhiga, ambayo wamisionari wa Kianglikana waliyaanzisha katikati ya miaka ya 1930, asishangae akikuta Unguja mishumaa, uvumba na mavazi ya rangi. Waanglikana wa misheni ya Vyuo Vikuu walipenda ibada ya fahari; wale waliokuja Burundi walipenda mahubiri, toba na nyimbo. Dini ni moja, desturi mbili. Mzee mmoja akitoka huko aweza kudhani ameingia kwa Wakatoliki, na mkewe akambishia njia nzima hata Kigoma. Hayo huzidisha ladha ya safari.

Wageni hulipa kiingilio, na ndani ya kiwanja yamo maonyesho ya picha na maelezo juu ya biashara ya watumwa. Hayo huchukua saa moja au zaidi, hivyo watoto wadogo wapewe chakula kwanza. Kina mama wachukue kanga ya kujifunika mabega, kwa sababu ya kanisa na kwa sababu ya mji wenyewe, ambao watu wake wengi ni Waislamu na hupendezwa na mgeni aliyejisitiri. Asubuhi ni afadhali kuliko adhuhuri: joto ni dogo, na mwanga huingia katika vioo vya mashariki nyuma ya madhabahu. Mwenye kutembeza wengine apewe nafasi amalize maneno yake, kisha jamaa warudi ndani peke yao wakae kidogo katika viti vya nyuma.

Siku ya Jumapili kanisa huwa la wenyewe. Waumini hujaa, kamera huwekwa mifukoni, na ibada husomwa kwa Kiswahili ambacho mtu wa Bujumbura atakifuata tangu neno la kwanza bila ya mkalimani.